Darasa langu la Kiingereza liko kimya

SWALI: Nimeanza kufundisha Kiingereza darasa la kwanza. Watoto wananisikiliza vizuri, lakini hawafungui kinywa. Nifanyeje?

JIBU: Ukimya huo haumaanishi kwamba hawaelewi. Mtoto anayeanza lugha mpya mara nyingi huelewa mengi kabla hajathubutu kusema, na mwalimu anayemlazimisha kujibu mbele ya wenzake humwongezea woga tu.

Miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alibuni mbinu inayofaa hapa: mwalimu anatoa amri, watoto wanaitikia kwa mwili. Anasema “stand up” huku mwenyewe akisimama, kisha “touch your nose”, kisha “jump”. Baada ya kurudia mara kadhaa anatamka bila kuonyesha, na hapo huona ni nani ameshika. Mbinu hii haihitaji vitabu wala umeme, na darasa la watoto 80 hushiriki kwa pamoja.

Matamshi nayo yana msaada wa karibu: sauti za Kiswahili chenyewe. Anayesema “tri” badala ya “three” akumbushwe sauti ya kwanza ya “thelathini”. Anayesema “zis” badala ya “this”, ile ya “dhahabu”. Kinachosumbua zaidi ni mwisho wa neno: “book” hugeuka “buku”, kwa kuwa maneno ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Mwalimu asimkatize mtoto. Arudie neno kwa usahihi, darasa zima liitikie.

Wachache wataanza kusema, hasa wakipata nafasi ya kuwaamrisha wenzao. Kila siku mtoto mmoja anayejitolea apite mbele, atoe amri tatu.