SOMO LA VIKUNDI: Kujitayarisha kwa Mtihani wa Namba za Magonjwa

Somo la leo ni la kijana anayesomea kazi ya rekodi za hospitali, na pia la kikundi kinachomchangia karo. Lisomeni pamoja, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

Kazi hii ni nini?

Daktari akimaliza kumpima mgonjwa, huandika ugonjwa kwenye faili. Karani wa rekodi huyachukua maneno hayo na kuyapa namba, ambayo wengine huiita msimbo. Namba hutoka katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani kiitwacho ICD. Toleo la 10 lilikubaliwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilianza rasmi tarehe 1 Januari 2022, lakini lile la 10 bado linatumika mahali pengi. Kwa hivyo swali la kwanza kumwuliza mwalimu ni hili: mtihani wetu unatumia toleo gani?

Kwa nini namba moja ni jambo kubwa?

Sisi wa huku tunajua. Mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui na wilaya jirani walikula mahindi yenye ukungu. Kufikia Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikufa. Sumu ile, aflatoksini, huharibu ini na macho hugeuka manjano.

Katika ICD-10 sumu hiyo ina namba yake, T64. Umanjano ambao chanzo chake hakikutajwa ni R17. Sasa fikiria: faili kumi zikiandikwa R17, ni rahisi zipite bila mtu kushtuka. Zikiandikwa T64, lazima mtu aulize mahindi hayo yametoka ghala gani.

Lakini sikiliza vizuri. Karani haruhusiwi kukisia. Kama daktari ameandika "umanjano" peke yake, karani hawezi kuweka T64 kwa sababu amesikia habari sokoni. Anarudisha faili na kumwuliza daktari. Mtihani hupenda sana kupima jambo hili.

Hatua nne za kutafuta namba

1. Tafuta neno kuu. Katika "nimonia kali ya mtoto", neno kuu ni nimonia, si kali wala mtoto.

2. Fungua Kitabu cha 3, ambacho ni orodha ya alfabeti. Hapo utapata namba ya kuanzia.

3. Hakikisha katika Kitabu cha 1. Soma maelezo yaliyo chini ya namba: nini kimejumuishwa, nini kimeondolewa. Usiandike kamwe namba kutoka orodha ya alfabeti peke yake. Wengi huanguka hapa kwa sababu ya haraka.

4. Angalia kama kuna tarakimu baada ya nukta. Kisukari cha aina ya pili ni E11. Kisicho na madhara mengine ni E11.9, lakini kilicholeta kidonda cha kuoza mguuni ni E11.5. Tarakimu moja inatofautisha wagonjwa wawili wasiofanana hata kidogo.

Kitabu cha 2 ndicho chenye sheria za kazi. Wanafunzi wengi hukiacha, na mtihani hukitafuta.

Mazoezi

(a) Malaria, aina haikutajwa.
(b) Malaria ya falsiparamu iliyopanda kwenye ubongo.
(c) Shinikizo la damu, sababu haijulikani.
(d) Mkulima ameumwa na nyoka mwenye sumu shambani.

Majibu: (a) B54. (b) B50.0. (c) I10. (d) Namba mbili: T63.0 ya sumu yenyewe, na X20 ya jinsi ilivyotokea. Ukisahau ya pili, hesabu ya walioumwa na nyoka itapungua.

Mtihani upi, na cheti cha nani?

Hapa wazazi na vikundi wawe macho. Chuo cha KMTC hufundisha kozi ya rekodi za afya. Sheria ya mwaka 2016 iliunda bodi ya kusajili wenye kazi hii nchini. Kabla ya kulipa karo popote, ulizeni bodi hiyo kama cheti cha chuo hicho kinatambuliwa.

Kuna pia mitihani ya Marekani, kama ule wa CPC unaotolewa na AAPC. Una maswali 100 kwa saa 4, na kupita ni asilimia 70. Hiyo ni kama dakika 2 na nusu kwa swali. Vitabu unaingia navyo, lakini ukipekua kila swali muda utakwisha. Tena vitabu vyake ni vya Kimarekani: ICD-10-CM, ambayo namba zake huwa ndefu kuliko za WHO, pamoja na vitabu vya namba za matibabu na vifaa. Vitabu hivyo hubadilishwa kila mwaka, kwa hivyo usinunue cha zamani kwa sababu ni rahisi. Na usichanganye vitabu vya mitihani hii miwili.

Jinsi kikundi kinavyosaidia

- Mpeni mwanafunzi saa ya kusoma kila jioni. Asitumwe maji wakati huo.
- Wanafunzi wawili au watatu wakutane kila wiki. Mmoja asome ugonjwa, wengine watafute namba kwa kuangalia saa.
- Waandike makosa yao katika daftari moja na kuyarudia kila Jumamosi.
- Wasifanye mazoezi kwa kadi za majirani. Habari za ugonjwa wa mtu ni siri yake, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inasema hivyo. Watumie mifano ya kubuni.

Maswali ya kujadiliana

1. Hapa kwetu, ni ugonjwa gani tunaona hauhesabiwi sawasawa? Kwa nini?
2. Mgonjwa wetu akiwa hospitali, tunamweleza daktari alichokula na alipokuwa, au tunanyamaza?
3. Tumeuliza kuhusu cheti kabla ya kuchanga, au tutauliza baadaye?

Namba nzuri huanza na maelezo mazuri, na maelezo hayo huanza na sisi tunaompeleka mgonjwa. Tunawatakia watahiniwa wote kila la heri.