SOMO: UFUNGUO WA MSTARI KATIKA DAFTARI LA KOMPYUTA



Siku hizi katika baadhi ya mashamba ya chai karani wa mizani haandiki tena kwa kalamu. Mizani ya umeme hupeleka kilo moja kwa moja kwenye kompyuta. Basi ni haki yetu kujua kilo hizo hupangwaje huko ndani.

Daftari moja la hesabu kubwa kubwa ni Bigtable, ambalo wahandisi wa Google walilieleza mwaka 2006. HBase ilitengenezwa kwa mfano wake. Humo kila mstari una ufunguo mmoja unaoutambulisha, na mistari yote hupangwa kwa kufuata ufunguo huo, kama maneno ya kamusi. Kisha daftari hukatwa vipande, na mashine mbalimbali hugawana vipande hivyo.

Mwajiri huuliza: leo zimeingia kilo ngapi? Mchumaji huuliza: mimi nimechuma kilo ngapi mwezi huu? Fundi akianza ufunguo na tarehe, mizani zote za asubuhi zitaandika kwenye kipande kimoja. Mashine moja itaelemewa na nyingine zitakaa bure, kama vile shamba zima kupanga foleni kwenye mizani moja. Na mchumaji akiuliza habari zake, kompyuta italazimika kupitia mistari ya watu wote. Sisi tunataka namba ya mchumaji itangulie, kisha tarehe: 004127-20240307. Hapo mistari yake yote itakaa pamoja, siku baada ya siku.

Sufuri za mbele si mapambo. Kompyuta hulinganisha tarakimu moja moja kutoka kushoto, kwa hiyo bila sufuri 10 hutangulia 9. Tarehe nayo huanza na mwaka kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini hatari kubwa bado ipo. Mchumaji hupima zaidi ya mara moja kwa siku. Ufunguo ukiwa na namba na tarehe tu, vipimo vyote vya siku hiyo vitakuwa na ufunguo mmoja. Asubuhi umepima kilo 14, jioni kilo 11: zile 11 zitakaa mahali pa zile 14, na 14 zitafichwa nyuma au kufutwa kabisa. Kompyuta hailalamiki hata kidogo. Mwisho wa mwezi mshahara utapungua, na karani ataapa kwamba hakugusa kitu, naye atakuwa amesema kweli. Dawa yake ni kuongeza namba ya kipimo: 004127-20240307-2.

Jina la mtu lisiwekwe kwenye ufunguo. Majina hubadilika, na ufunguo haurekebishwi; ni lazima mstari uandikwe upya na ule wa zamani ufutwe.

Na swali la mwajiri je? Atengenezewe daftari la pili lenye jumla ya kila siku. Kuandika habari ile ile mahali pawili si kosa katika kazi hii, mafundi hufanya hivyo kila mara.

Wajumbe wa matawi, mkiitwa kuonyeshwa mizani mpya, ombeni kuona ufunguo mmoja ulivyoandikwa. Kisha mtu mmoja apime mara mbili siku hiyo hiyo, nanyi mhesabu kama mistari ni miwili.