Vyombo vya Kutazamia Uhalisia Pepe: Tulinde Macho na Kichwa

Siku hizi kuna migodi inayofundisha watu kwa uhalisia pepe: unaona shimo, moshi na magari, kumbe umo darasani. Tujue vyombo vyake vitatu.

1. Miwani ya kichwani. Ina lenzi na vioo vidogo mbele ya macho. Ile ya Ivan Sutherland, Marekani, 1968, ilikuwa nzito hata ikaning'inizwa darini. Ya leo ni nyepesi, lakini inaficha vitu vya karibu, unaweza kujikwaa. Keti, au mwenzako akusimamie.

2. Chumba cha picha. Picha humulikwa ukutani na sakafuni. Kilionyeshwa Chicago 1992. Humo unajiona wewe na wenzako.

3. Vioo vikubwa mbele ya usukani. Dereva hujifunza bila kumgonga mtu.

Vyote vina hatari moja. Macho yanasema unakwenda. Sikio la ndani linasema umetulia. Ndipo huja jasho, kizunguzungu na kichefuchefu. Ukisikia hivyo acha mara moja, upumzike. Huo si uoga. Usiendeshe gari wala kushuka shimoni mpaka kiishe kabisa. Mwenye kifafa amwambie muuguzi kabla ya kuanza.

Tena, miwani hupita nyuso nyingi, na ugonjwa wa macho mekundu huambukiza. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, sisi wa upande wa Beni tulizoea kunawa mikono. Tusiache: nawa, pangusa miwani, ndipo umpe mwenzako.