Kufungua na Kufunga Fremu ya Dashibodi: Mfano wa Somo la Ufundi

Utangulizi

Ufundi si jambo geni katika milima ya Upare. Wahunzi wa Ugweno, wa ukoo wa Washana, walifua chuma kabla ya kuwapo kwa shule huko, na ujuzi wao ulirithiwa kwa kutazama na kuiga. Hata leo kijana anayejifunza katika gereji mara nyingi huambiwa "shika hapa", "vuta pale", bila kuelezwa sababu. Kazi ya mwalimu ni kuongeza kile kinachokosekana, yaani sababu ya kila hatua. Ndivyo Elimu ya Kujitegemea ilivyokusudia tangu mwaka 1967: mikono na akili zifanye kazi pamoja.

Somo hili linahusu kutoa na kurudisha fremu ya plastiki inayozunguka redio ya gari. Magari yanayopanda Shighatini hutikiswa na njia za milimani, na vumbi hupenya kila upenyo. Vibanio vya fremu hulegea na kupiga kelele. Basi, kazi hii inatokana na mahitaji halisi.

Madhumuni

Mwisho wa somo, mwanafunzi wa madarasa ya juu aweze:
(a) kutaja hatua za kazi kwa mpangilio;
(b) kueleza sababu ya kila hatua;
(c) kurudisha fremu bila kubakiza skrubu hata moja.

Tahadhari

Gari nyingi za siku hizi zina mifuko ya hewa ya usalama ndani ya usukani na katika dashibodi upande wa abiria. Mfuko huo ukifyatuka wakati mtu ameukaribia, waweza kumjeruhi vibaya. Mwanafunzi asiguse kabisa sehemu hizo, wala soketi za waya zenye rangi ya manjano. Mwalimu asiye na hakika na amwite fundi. Aidha, mwenye gari aombwe ruhusa mapema, kwani gari ni riziki yake.

Hatua za kazi

1. Zima gari, toa ufunguo, kisha fungua waya wa ncha hasi ya betri. Ngoja dakika chache. Sababu: umeme waweza kubaki kwa muda katika vyombo vya mifuko ya hewa, tena waya ukigusa bati huweza kuunguza fyuzi.

2. Tafuta skrubu zilizofichwa chini ya vifuniko vidogo au ndani ya kisanduku cha majivu. Sababu: fremu ikivutwa huku skrubu moja imebaki, itapasuka.

3. Kila skrubu itolewayo ichomekwe katika kipande cha boksi kilichochorwa umbo la fremu. Sababu: skrubu ndefu ikiwekwa mahali pa fupi huweza kutoboa waya.

4. Penyeza ukingoni kabari bapa ya mti, wala si bisibisi tupu, ambayo hukwaruza plastiki. Achia kibanio kimoja kimoja. Kazi hii isifanywe asubuhi yenye baridi, kwa maana plastiki baridi huvunjika upesi.

5. Fremu ikiachia, isinyakuliwe. Nyuma yake huwa na waya za swichi. Bonyeza ulimi wa soketi, kisha vuta soketi yenyewe, si waya.

6. Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Unganisha soketi, rudisha betri na jaribu swichi zote kabla ya kubana fremu. Kisha fungua betri tena, bana vibanio na ukaze skrubu, ukianza kwa vidole ili uzi usiharibike. Mwisho rudisha betri.

Njia ya kufundisha

Gari ni moja na wanafunzi ni wengi. Wagawe katika vikundi. Kikundi cha watu 5 kiwe kwenye gari. Vingine vifungue na kufunga redio mbovu zisizo na betri wala waya wa umeme, kisha wabadilishane. Kabla ya kila hatua uliza: "Tukiiruka hatua hii, kutatokea nini?" Usitoe jibu upesi. Baada ya kufungua, kila mmoja aandike hatua za kufunga kwa kuzisoma orodha kutoka chini kwenda juu.

Kibanio kikivunjika, usimkaripie mtoto. Waulize wote ni hatua gani iliyoharakishwa, kisha shule inunue kingine. Kosa lililochunguzwa hufundisha. Lililofichwa humfikia mwenye gari, na shule haitaaminiwa tena.

Tathmini

Angalia mambo matatu: kipande cha boksi kimebaki kitupu, swichi zote zinafanya kazi, na mwanafunzi asiyeshika bisibisi aweza kueleza kazi nzima. Jambo hili la tatu ndilo kipimo cha mwalimu mwenyewe. Darasa lililotazama tu huku mwalimu akifanya yote limeona ufundi, lakini halijafundishwa.