Vioo vya Babu Vinaumiza Macho

SWALI: Fundi, babu ametuachia sanduku la picha za vioo, kila kioo na picha mbili zinazofanana, urefu sentimeta 10 hivi. Nimenunua kifaa cha plastiki cha kuzitazamia, lakini kichwa kinauma na sioni kina chochote. Picha zimeharibika?
Msomaji, Makomeno, Lubumbashi

JIBU: Pima tena kwa rula. Ukipata milimeta 45 kwa 107, hizo ni picha za stereo, kila jicho na yake ili uone kina, za ukubwa ulioenezwa na Verascope, kamera ya Jules Richard wa Paris, tangu miaka ya 1890. Mimi nashuku kifaa kabla ya picha.

Lenzi mbili zikipishana kimo hata kidogo, jicho moja huvutwa juu na jingine chini. Hapo ndipo kichwa kinapouma. Lenzi ya plastiki ya kipande kimoja nayo huzungushia vitu kingo za rangi. Tafuta lenzi za vioo viwili vilivyogandishwa pamoja. Na umbali wa fokasi ukaribiane na ule wa kamera. Lenzi ya fokasi ndefu mno huvuta kina hadi kichuguu cha hapo Katanga kionekane kirefu kama handaki.

Kioo cha picha kinataka mwanga laini kutoka nyuma: dirisha lenye karatasi nyeupe linatosha, jua kali hapana.

Ukiona vya mbali vimekuja mbele, picha ya kushoto imekaa kulia. Usikate kioo, tafadhali! Kipige picha, ubadilishe pande kwenye nakala.