Sindano ya Goti: Inatibu au Inanyamazisha?

Kesho ni fainali ya UMISSETA. Goti lako limevimba tangu juzi lilipoteguka mazoezini. Rafiki anakwambia: "Twende pale dukani, sindano moja tu, kesho unacheza!" Je, ungekubali?

Watu wengi huamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge. Hebu tuone ukweli wenyewe.

NDANI YA BOMBA KUNA NINI?

Sindano ni njia tu ya kuingiza dawa mwilini. La kujua ni dawa gani iliyomo. Kwa maumivu ya viungo na misuli, hizi hutumika sana:

1. Diklofenaki. Huchomwa kwenye msuli. Ni dawa ileile inayouzwa kama vidonge, ila ikichomwa huanza kazi mapema kidogo. Kama una vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, inaweza kukudhuru hata kama hukuimeza.

2. Dawa ya ganzi, kama lidokeini. Huzuia neva zisipeleke habari za maumivu kwenye ubongo. Baada ya saa chache nguvu yake huisha na maumivu hurudi palepale.

3. Steroidi. Hufanana na homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, na hupunguza uvimbe. Mwaka 1948, huko Marekani, Dk. Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hajiwezi. Siku chache baadaye alitembea! Mwaka 1950 Hench alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wanasayansi wengine wawili. Leo madaktari huchoma steroidi ndani ya kiungo chenyewe.

INAMFAA NANI?

Huenda bibi yako ana baridi yabisi, au gegedu la goti lake limelika kwa umri. Sindano ya steroidi inaweza kumpa nafuu kwa wiki au miezi kadhaa. Hata hivyo, kwa kawaida madaktari hawazidishi mara tatu au nne kwa mwaka katika kiungo kimoja, kwa sababu ikirudiwarudiwa inaweza kuharibu gegedu. Ikiingia kwenye kano, kano inaweza kudhoofika na kukatika.

Sasa turudi kwenye goti lako. Kama kano imechanika, hakuna dawa hata moja kati ya hizo itakayoiunga kwa usiku mmoja. Maumivu ni mlinzi anayepiga kelele. Ukimziba mdomo mlinzi, mwizi bado yumo ndani. Utacheza bila kusikia maumivu, na mchaniko mdogo unaweza kuwa mkubwa.

HATARI NYINGINE

• Bomba lililokwisha kutumika linaweza kukuambukiza virusi vya UKIMWI au homa ya ini.
• Vijidudu vikiingia ndani ya kiungo, usaha unaweza kuharibu gegedu kwa siku chache tu.
• Neva kubwa ya mguu hupita kwenye takoni. Sindano ikichomwa vibaya hapo, unaweza kubaki unaburuta mguu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa nyingi ya sindano zinazochomwa duniani hazihitajiki, au vidonge vingetosha.

UFANYE NINI?

Pumzisha goti. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Funga bandeji bila kukaza mno, na ulalapo inua mguu. Mwambie mwalimu wa michezo waziwazi: "Mwalimu, goti halijapona." Fainali nyingine zitakuja.

Nenda hospitali upesi kama huwezi kukanyaga, goti limekwama, au lina joto na una homa. Ukiambiwa uchomwe sindano, usione haya kuuliza: Ni dawa gani? Kwa nini siyo vidonge? Pakiti ya bomba ifunguliwe mbele ya macho yako.

JIPIME

1. Dawa ya ganzi na steroidi zinatofautianaje?
2. Kwa nini goti lisilouma huenda bado halijapona?
3. Rafiki yako anataka kuchomwa sindano dukani ili acheze kesho. Utamwambia nini? Jadilianeni darasani.