Si Uvivu, ni Tezi

Wapendwa wanandoa, hapa kwetu Bura joto ni kali. Mama akitafuta shuka ya pili usiku, akichoka kabla jua halijapanda, akinenepa bila kula sana, akakosa hamu ya tendo la ndoa, baba asikimbilie kusema, "Amekuwa mvivu, hanipendi tena." Huenda tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, imepunguza kazi. Hata wanaume hupatwa.

Nendeni hospitali pamoja akapimwe damu. Tiba ni kidonge kila siku, kwa wengi maisha yote. Humezwa kwa maji asubuhi, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu avimeze saa 4 baadaye. Dawa msiiweke juani. Nguvu hurudi polepole. Damu hupimwa tena baada ya majuma 6 hadi 8. Akishika mimba asiache dawa, bali amwone daktari mapema, maana huenda ikaongezwa.

Baba, majuma hayo chukua jembe lake shambani, uteke na maji. Mama, sema unavyojisikia. Mliahidiana kutunzana hata katika ugonjwa.